Mchezo Mpya Ukichezwa, Gazeti Linasema Nini?

Mchezo wa kuigiza si kitu kigeni kijijini. Sikukuu ikifika, au mgeni akija kutoka wilayani, watoto wa shule hutoa ngonjera, akina mama hucheza ngoma, na vijana huonyesha mchezo wa mlevi aliyeuza mahindi ya chakula akanywa fedha yote. Watu hucheka, hupiga makofi, kisha kila mtu hurudi kwake. Kesho yake mchezo umebaki midomoni tu. Mwezi ukipita, hata yule aliyekuwa mlevi amekwisha kusahau maneno yake.

Katika toleo hili tunataka kueleza habari ya michezo mipya na magazeti. Yaani, watu wanapokusanyika kuonyesha michezo ambayo haijapata kuonyeshwa, mwandishi wa gazeti anafanya nini pale? Anaandika nini na anaacha nini? Na sisi tunaosoma, tuyapokee vipi maneno yake? Mfano tutautoa kwa jirani zetu wa Kenya. Tamasha lao la michezo ya kuigiza ya shule ni la siku nyingi, ni kubwa, na mwezi wa Aprili mwaka 2025 habari zake zilisomwa hata nje ya nchi yao. Lakini kilichozivusha mpaka habari zile hakikuwa mchezo, ndugu wasomaji. Yalikuwa mabomu ya machozi.

Tutafika huko. Kwanza tulijue tamasha lenyewe.

TAMASHA LENYEWE

Tamasha hili lilianza mwaka 1959, wakati Kenya bado ikitawaliwa na Waingereza. Siku hizo jukwaa kubwa lilikuwa Nairobi, katika jumba la taifa la michezo ya kuigiza lililofunguliwa mwaka 1952. Michezo mingi ilikuwa ya Kiingereza, imetungwa na watu wa Ulaya, na mambo yake ni ya huko huko Ulaya. Basi mtoto alivaa joho la mfalme, akatoa maneno mazito ambayo mama yake, kama angekuwapo ukumbini, asingeambulia hata moja.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Mambo hayakubadilika siku moja, ila yalibadilika. Walimu na wanafunzi walianza kutunga michezo yao wenyewe, mingine kwa Kiswahili. Wakasema habari za shamba, za mahari, za rushwa, za baba anayekunywa ada ya shule. Tamasha nalo likatoka Nairobi, likawa linazunguka mikoani, leo hapa, mwakani kule. Siku hizi mna ngoma, mashairi, masimulizi, hata filamu. Lakini mchezo wa kuigiza ndio unaojaza ukumbi.

Sasa shikeni jambo hili, maana mengine yote yanalitegemea. Desturi ya tamasha ni kuleta mchezo mpya. Mtunzi hukaa chini akatunga, mara nyingi ni mwalimu wa shule, pengine ni mtu wa nje aliyeombwa. Wanafunzi hukariri. Mtu anayewapanga nani asimame wapi na aseme kwa sauti gani huitwa mwelekezi. Kundi likiwa tayari huanza kushindana huku chini, kwenye kaunti ndogo. Likishinda huenda kaunti, kisha mkoa, na mwisho ngazi ya taifa, ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Aprili shule zikiwa zimefungwa. Kila ngazi wapo waamuzi. Hao hukaa na karatasi zao, wakaangalia utunzi, uchezaji, sauti, mavazi na mapambo ya jukwaa, halafu wakatoa alama. Washindi wa taifa huitwa kucheza mbele ya Rais wa nchi.

Hebu tuhesabu pamoja. Mchezo umefanyiwa mazoezi miezi miwili au mitatu. Wakishinda kote, umechezwa mara nne, pengine tano. Waliouona ni wanafunzi wenzao, walimu, waamuzi, na wazazi wachache walioweza kulipa nauli. Baada ya hapo mavazi yanarudi sandukuni. Mchezo wa namna hiyo huchapwa kitabu mara chache sana. Mwaka unaofuata unatungwa mwingine. Kwa hiyo mtu wa mbali, ambaye hakuwapo ukumbini, ataujua kwa njia gani? Mara nyingi njia yake ni gazeti, au redio, na siku hizi simu. Mwandishi akiandika vibaya, mchezo umeharibika kwa watu wote ambao hawakuuona. Asipoandika kabisa, ni kama haukuchezwa.

MWANDISHI UKUMBINI

Msidhani kazi yake ni nyepesi. Tamasha la taifa huchukua siku nyingi, na katika siku moja hupandishwa jukwaani michezo kadhaa, mashairi chungu nzima na ngoma. Huku mchezo wa Kiswahili umeanza, kule ukumbi wa pili shule nyingine inaanza. Mtu ni mmoja. Atakaa wapi? Anachagua. Anachagua shule yenye jina, au shule iliyoshinda mwaka uliopita, au anakaa pale penye kivuli. Shule iliyotoka mbali, haina jina, ikacheza saa mbili asubuhi watu wakiwa bado wanatafuta chai, hiyo huenda isionwe na mwandishi hata mmoja.

Halafu kuna mhariri. Huyo ndiye mkubwa wa gazeti, anayekata na kupanga. Mwandishi ameleta maneno mia sita. Mhariri ana nafasi ya maneno mia mbili, maana kuna habari za Bunge, bei ya mafuta, na mpira. Basi anakata. Kinachokatwa kwanza ni ile sehemu inayoeleza mchezo unasema nini. Kinachobaki ni jina la shule, nafasi iliyopata, jina la mgeni rasmi na maneno ya mgeni rasmi. Mnazijua habari za namna hiyo. Unasoma mpaka mwisho, unajua waziri alisema nini juu ya nidhamu ya vijana, lakini hujui kama mchezo ulikuwa wa mke wa mfalme au wa ng'ombe aliyepotea.

Hapa tutofautishe maneno mawili. Habari ni kueleza jambo lililotokea: nani, wapi, lini, nini. Uhakiki ni kupima kazi ya sanaa: ni nzuri kwa nini, imepungukiwa wapi. Anayefanya kazi hiyo huitwa mhakiki. Mhakiki ana ruhusa ya kutoa maoni yake, ila sharti aonyeshe ameyatoa wapi. Mwandishi wa habari naye anapaswa kutuambia alichokiona, na kama hakukiona, atuambie amesikia kwa nani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gazeti moja limeandika: "Mchezo uliwasisimua watazamaji." Jingine limeandika: "Binti alipoinua ndoo tupu na kumwonyesha diwani, wanawake waliokaa mbele walisimama wote." Maneno ya kwanza ni mepesi kama makapi. Yanaweza kuandikwa hata na mtu aliyekuwa nje ya ukumbi akila mahindi ya kuchoma. Maneno ya pili hayaandikiki mpaka uwe umeona. Msomaji wa maneno ya pili anajua mchezo unahusu maji, anajua diwani analaumiwa, anajua na wanawake waliupokeaje. Mstari mmoja tu! Sisi tunaona mhariri angeacha mstari huo akakata hotuba ya mgeni rasmi, lakini wahariri wengi hawatusikilizi.

KIJIJI CHA KAMIRIITHU

Kabla ya kufika mwaka 2025 tupite kwanza Limuru, karibu na Nairobi. Tunapita huko kwa sababu waliohusika walikuwa watu kama ninyi, wanakijiji waliokuwa wakijifunza kusoma na kuandika wakiwa watu wazima.

Katika kijiji cha Kamiriithu palikuwa na kituo cha elimu na utamaduni. Mwaka 1976 madarasa ya kisomo yalianza pale. Waliojifunza walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwandani. Baada ya kujua kusoma walitaka kitu cha kufanya na elimu yao. Basi ukatungwa mchezo kwa Kigikuyu, lugha yao wenyewe. Watunzi walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, lakini wanakijiji walisomewa na wakasahihisha: hapa mzee hasemi hivi, wimbo huu huimbwa vile. Jina la mchezo ni Ngaahika Ndeenda. Tafsiri yake ya Kiswahili inaitwa Nitaolewa Nikipenda. Wanakijiji walijenga ukumbi wao usio na paa, wa kukalia watu kama 2,000.

Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa mabasi. Ulisema habari ya maskini anayenyang'anywa kijishamba chake na tajiri. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo serikali iliondoa kibali, mchezo ukasimama. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani. Alikaa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 ukumbi wa wanakijiji ulibomolewa.

Ukumbi haupo tena, na Ngũgĩ wa Thiong'o amefariki mwezi wa Mei mwaka 2025. Lakini mchezo upo, kwa sababu ulichapwa kitabu mwaka 1980. Mtu akitaka kujua wanakijiji wale walisema neno gani lililowaudhi wakubwa, anafungua kitabu na kusoma mwenyewe, halafu anaamua mwenyewe. Michezo ya shule haina bahati hiyo. Hakuna kitabu cha kufungua, kuna gazeti la siku ile tu, na gazeti la siku ile kesho linafungiwa sukari dukani.

WASICHANA WA BUTERE

Butere ni mji mdogo wa magharibi ya Kenya, katika kaunti ya Kakamega. Shule ya sekondari ya wasichana ya Butere ina sifa ya siku nyingi katika kuigiza. Mara mbili michezo yake imezuiwa, na mara mbili mahakama imeingia kati. Mtunzi wa michezo yote miwili ni mtu mmoja, Cleophas Malala.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2013. Mchezo uliitwa Shackles of Doom, yaani pingu za maangamizi. Ulisema juu ya kabila moja kujipendelea katika mali na kazi za nchi, na wenyeji wa ardhi kubaki mikono mitupu. Kumbukeni ulikuwa wakati gani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya walipigana, zaidi ya watu 1,000 wakafa. Uchaguzi uliofuata ulifanyika tarehe 4 Machi 2013, na mchezo ukaja wiki chache tu baadaye. Watu walikuwa bado wana hofu. Wakubwa wa elimu walisema mchezo unaleta chuki ya kikabila, wakauzuia usiende kwenye ngazi ya taifa. Wengine wakaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikaondoa zuio, wasichana wakacheza.

Tusiwacheke waliokuwa na hofu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na inataja wazi uhuru wa kubuni kazi za sanaa. Kifungu hicho hicho kinasema uhuru huo haufiki kwenye kuchochea vita, fujo au chuki. Basi ugomvi haukuwa juu ya kama kuna mpaka. Mpaka upo. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ausome mpaka huo, na je, kuonyesha ubaya jukwaani ni sawa na kuutenda? Mtu akiigiza mwizi, hajaiba kitu. Lakini mtu akisimama jukwaani akawatukana jirani zake kwa kabila lao, hilo nalo ni jingine. Ili raia aamue mchezo ule ulikuwa upande gani, alihitaji kujua nini kilisemwa, na nani, na kwa mpango gani. Magazeti mengi yalimpa ugomvi wa mahakamani. Mchezo wenyewe waliuweka katika mistari mitatu minne.

Mara ya pili ni mwaka 2025. Mchezo uliitwa Echoes of War, maana yake mwangwi wa vita. Kwa ilivyoelezwa, ni habari ya nchi ya kubuni iliyotoka vitani, ambamo vijana na wakubwa wa nchi hawaelewani, na vijana hao wanapashana habari kwa simu zao. Hapa pia lazima tukumbuke wakati. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walijaa barabarani kupinga kodi mpya, na tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia hata ndani ya Bunge. Watu waliuawa. Kwa hiyo mchezo wa vijana na watawala, miezi michache baada ya hayo, haukuwa mchezo wa kawaida machoni pa wakubwa. Jambo la pili ni mtunzi mwenyewe. Malala sasa alikuwa mwanasiasa. Alikuwa amepata kuwa seneta wa Kakamega, kisha katibu mkuu wa chama kinachotawala, halafu wakaachana. Waziri wa Elimu alihoji kwa nini mtu asiye mwalimu, tena mwanasiasa, awaelekeze wanafunzi. Swali hilo si la kutupwa. Mzazi anaweza kuuliza vilevile: je, binti yangu anaigiza, au anatumiwa?

Mchezo ulizuiwa. Mwanzoni mwa Aprili Mahakama Kuu ya mjini Kisii iliamuru wasichana waruhusiwe kucheza katika tamasha la taifa, ambalo mwaka huo lilikuwa Nakuru. Usiku wa kuamkia siku yao ya kucheza, Malala alikamatwa na polisi alipokuwa akienda kuwaona. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili wasichana walifika shule ya wasichana ya Kirobon, ambako wangecheza. Watu wengi walikuja kutazama, na waandishi wa habari wakaja na kamera zao. Polisi nao walikuwapo. Walirusha mabomu ya machozi kutawanya watu, na waandishi wa habari wakiwa humo humo.

Wasichana waliingia ukumbini. Walisimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Hawakucheza. Walieleza kwamba hawana watazamaji, hawana vifaa vyao vya sauti na mapambo ya jukwaa, na mwelekezi wao hayupo. Wakapanda basi. Malala aliachiliwa siku hiyo hiyo.

Lo! Tuseme kweli, hata sisi tuliposoma tulishangaa. Tamasha la watoto wa shule, na mabomu ya machozi! Baraza la vyombo vya habari la Kenya lililaumu walivyotendewa waandishi, na watu wa haki za binadamu wakalaumu pia. Katiba ile ile, kifungu cha 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Kuigiza kuna kifungu chake na kuandika kuna kifungu chake. Asubuhi moja, mahali pamoja, vyote viwili viliingia matatani.

KILICHOBAKI NA KILICHOPOTEA

Siku ile na siku zilizofuata, jina la Butere lilikuwa ukurasa wa kwanza. Redio zilitangaza, na picha za moshi zikasambaa katika simu. Wakubwa wa serikali walisema yao, wapinzani wakasema yao. Kila mwanasiasa aliyepita alichukua kipande.

Lakini jiulizeni ni wangapi waliosoma mchezo wenyewe unaanzaje na unaishaje. Watu wa kwenye mchezo ni akina nani? Nani ana kosa, na je, mwishoni wanapatana? Katika habari nyingi tulizosoma hayo yalielezwa kwa mstari mmoja au miwili, na mistari hiyo ilifanana kutoka gazeti moja hadi jingine, kama watu walionakili daftari la mwenzao. Waliousifu mchezo wengi hawakuuona. Waliouponda wengi hawakuuona pia. Nchi nzima ilibishana juu ya mchezo ambao siku ile haukuchezwa.

Pana hasara nyingine isiyoonekana upesi. Nakuru wiki ile palikuwa na shule nyingine nyingi. Watoto wao walikuwa wamekariri, wameshona mavazi, wamesafiri usiku kucha. Walitunga michezo mipya pia. Moshi ule ulifunika na wao. Ukitafuta magazeti ya siku zile utayakuta majina yao katika orodha ya washindi, basi. Hatuwalaumu sana waandishi. Bomu likilipuka karibu nawe huwezi kuandika juu ya uzuri wa kitenge alichovaa malkia wa jukwaani. Ila siku ya pili na ya tatu, hewa ilipokuwa imetulia, wangeweza kurudi ukumbini.

Tena wale wasichana ni watoto wa shule. Picha ya mwanafunzi anayelia, sura yake wazi, ikishapigwa chapa au kupelekwa kwenye simu hairudi. Miaka kumi baadaye anaomba kazi, picha ipo. Mwandishi mwenye busara hupiga picha ya kundi zima kwa mbali, au ya basi likiondoka, na habari haipungui kitu.

TUSOME VIPI?

Sasa mkikutana na habari ya mchezo gazetini, isomeni na kalamu mkononi. Pigeni mstari chini ya kila neno ambalo mwandishi aliliona kwa macho yake. Kisha pigeni mstari mwingine, wa namna nyingine, chini ya kila neno aliloambiwa. "Polisi walirusha mabomu" ni jambo la kuonekana. "Mchezo ulikuwa wa uchochezi" ni maoni. Basi tafuta ni ya nani. Kama ni ya afisa, je, afisa huyo aliutazama? Kama ni ya mtunzi mwenyewe anayejisifu, naye mpime vivyo hivyo. Mama mwenye nyumba hasemi mboga yake ni mbaya.

Angalieni pia tarehe. Habari za ugomvi kama huu hubadilika kila siku. Leo mchezo umezuiwa, kesho mahakama imeuruhusu, keshokutwa haukuchezwa. Mtu akikuletea karatasi moja ya gazeti, imekatwa juu, tarehe haipo, atakuambia jambo ambalo jana lilikuwa kweli na leo si kweli. Na mkisikia habari mbili zinapingana, msikimbilie kusema gazeti moja limedanganya. Pengine mmoja alikuwa langoni na mwingine alikuwa ukumbini.

Kazi hii haifai kufanywa peke yako. Kaeni watatu wanne chini ya mwembe, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize na kusimamisha. Anayesimamisha aulize, "Hilo kaliona au kaambiwa?" Mtacheka, maana mtakuta ukurasa mzima mwandishi hakuona kitu.

NA MICHEZO YETU JE?

Hakuna mwandishi wa mjini atakayekuja kijijini kwenu siku kikundi cha vijana kikionyesha mchezo mpya. Nauli ni ghali, na yeye ana mpira wa kutangaza. Basi mwandishi ni wewe uliyemaliza kisomo.

Nenda na daftari. Kaa mbele, si kwa sababu wewe ni mkubwa, ila usikie. Kabla ya kuanza uliza jina la mchezo, uandike kama wao wanavyolitamka. Uliza nani katunga. Usikubali jibu la "tumetunga sote" mpaka uulize mara ya pili, kwa sababu mara nyingi yupo mama mmoja kimya pale nyuma ndiye aliyetunga, na hakuna aliyemtaja. Mchezo ukianza usiandike kila neno, hutaweza. Andika mambo yaliyowafanya watu wabadilike: walicheka wapi, walinyamaza wapi, nani aliinuka akaondoka. Mwenyekiti akikunja uso, andika alikunja uso saa ngapi na jukwaani palikuwa panasemwa nini. Hayo ndiyo mchezo. Ukiisha, ulizia watu wawili wameonaje, mmoja aliyefurahi na mmoja aliyechukia. Yule aliyechukia ndiye atakayekueleza vizuri zaidi, tumeona hivyo mara nyingi.

Kama mchezo unamsema mtu anayejulikana kijijini, hapo uwe mwangalifu. Jukwaani aliitwa mzee Fulani, basi na wewe mwite hivyo hivyo. Usiandike, "Huyu ni Bwana wa duka lile." Watu wa hapo watajua wenyewe, na kama hakuwa yeye, utakuwa umemtia mwenzako doa kwa kalamu. Watoto wa shule wakiwa ndio waigizaji, andika jina la shule na darasa, inatosha.

Halafu waombe wachezaji wakae nawe jioni moja, wakuambie maneno yao toka mwanzo hadi mwisho, uyaandike yote katika daftari moja safi. Andika juu kabisa jina la mchezo, jina la mtunzi, kijiji, na tarehe. Maneno yakiwa mengi tumia madaftari mawili. Moja libaki kwa mtunzi, na la pili lipelekwe kwenye maktaba ya kijiji, au shuleni kama maktaba haipo, likaandikwe katika orodha ya vitabu kama kitabu kingine chochote.